Kibao cha Tatu, Barabara ya Buterere

Cibitoke, Bujumbura
9 Februari 2005

Mwanangu Anouar,

Assalamu alaykum. Salamu hizi zikukute umekula na umelala, maana mutu mwenye njaa hata salamu anaiona ni kelele.

Hapa tuko, alhamdulillahi. Sikukuu ya kuchinja imepita vizuri. Dada yako Sumaya amejifungua mutoto muke, wamemuita Assia, jina la bibi yako, na kwa kelele anazopiga naona amechukua jina pamoja na mwenyewe. Mguu wangu unavimba mvua ikija lakini unatembea. Béatrice anakusalimia sana, Mama Chanelle wa mulango wa pili, usijifanye umemsahau. Bado tunafanya kazi pamoja: tunanunua mupunga Buterere, tunauanika kulekule juu ya lami, tunautwanga, tunauza hapa mbele ya nyumba. Tangu mudogo wako Idi na Sébastien, bwana ya Béatrice, wafe siku moja kule barabarani, yule kwangu amepita ndugu. We unajua.

Kabla sijasahau: kile kitambaa cha kijani nilichokupa siku unaondoka, nilichokishona pembeni na uzi mwekundu kwa kukosa wa kijani, bado unacho? Nasikia upepo wa Kigoma ni mubaya, na kifua chako mi nakijua.

Sasa jambo. Wiki hii watu wanachimba mashimo pembeni ya barabara ya Buterere. Nilidhani ni nguzo za umeme, nikafurahi kama mujinga. Nikamuuliza mmoja. Akanijibu, "Apana mama, ni pankarte, vibao vya historia. Hapa palipiganwa vita kubwa mwaka 2001. Mutu akipita na gari asome."

"Vita gani?"

"We mama, hukuwa hapa?"

Nilikuwa hapa. Mi nilileta mukokoteni kuwabeba Idi na Sébastien.

Wanasema ni komite ya Térence, yule aliyekuwa akikata tiketi mulangoni pa sinema na kutupiga fimbo tukisukumana. Leo ana miwani nyeusi hata ndani ya nyumba. Uchaguzi unakaribia, kila mutu anatafuta cha kusimama juu yake aonekane murefu.

Roho yangu imechafuka, Anouar. Shimo lao la tatu wamelichimba palepale tulipowaokota. Nilidhani udongo ule wangeuacha.

Niandikie upesi. Na ule uji uliokuwa ukiuchukia, kunywa.

Mama yako,
Mwantum


Kigoma
2 Machi 2005

Mama mpendwa,

Waalaykumu ssalaam. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Népomuscène, yule mfanyabiashara wa dagaa, ikinuka dagaa lakini imefika salama. Nimefurahi sana kwa ajili ya Sumaya na mtoto. Mama Mdogo Mwanvua anakusalimu, anasema bado anangoja ule mchele uliomwahidi. Mimi ni mzima, duka la vipuri vya baiskeli linasogea polepole. Kifua hakisumbui.

Kitambaa kiliibiwa sokoni zamani, nadhani nilikwambia.

Kuhusu vibao, nakuomba usiumie moyo. Kila nchi iliyopigana huweka alama pale watu wake walipoanguka. Wasipoandika wenyewe leo, kesho watakuja wengine waandike wanavyotaka. Na Térence si yule unayemkumbuka, mtu hubadilika. Nimesikia kwamba baada ya uchaguzi kutakuwa na nafasi katika ofisi za komini kwa vijana waliokaa nje miaka hii, hasa walio na mtu wao aliyeanguka. Huenda nikarudi nyumbani, Mama. Nikirudi nitakupikia mimi, ukae kwenye mkeka ukiniamrisha.

Jambo moja. Idi alizikwa wapi hasa? Wakati ule habari ilinifikia nusunusu. Ukinielekeza, patawekwa jiwe zuri lenye jina lake.

Mwanao,
Anouar


Cibitoke
27 Machi 2005

Mwanangu Anouar,

Assalamu alaykum. Sumaya na mutoto wazima. Mama yako si muzima, lakini si mguu.

Kiswahili chako kimekuwa cha redio. Nilikisoma nikatafuta mutoto wangu ndani yake kama mutu anayetafuta pini kwenye mchele.

Vibao vimefunguliwa. Watu wa komite walikuja mpaka nyumbani na gari, wakaniambia, "Mama, we ni mama wa Idi? Utakaa mbele." Nikadhani ni dua. Nikavaa vizuri, nikajifunika, nikapanda. Béatrice naye nikamuambia aje. Hakupewa kiti, alisimama nyuma na wanawake wa mupunga.

Wale wanawake walikuwa wameanika. Wakafukuzwa, shitingi zao za kuanikia zikakunjwa na mupunga ndani, mwingine ukamwagika mutaroni, na palepale pakatandikwa zulia jekundu. Juu ya lami, Anouar, zulia! Kreti za Fanta, nyama ya mbuzi kwenye vijiti, muziki. Térence akasema maneno marefu, akafuta jasho, akasema "damu ya mashujaa" huku anatoa nyama katikati ya meno na ukucha.

Kibao cha kwanza kiko darajani: mashujaa walishukia hapa. Cha pili: hapa walivunja kizuizi. Cha tatu kilikuwa kimefunikwa na bendera. Mi nilikuwa na chupa ya Fanta mukononi. Wakavuta bendera.

Ni Idi. Uso wa Idi, mukubwa kama sinia, na rangi ya mashavu kama ya mutu aliyepakwa mafuta ya kukaangia. Ameshika bunduki begani.

Unanijua mi nasoma polepole, kwa kidole. Kidole sikuweza kukitoa, nikasoma na macho. Imeandikwa: "Idi, shujaa kijana. Hapa alianguka baada ya kuwamaliza maadui." Na chini, herufi ndogo: kwamba maadui hao walikuwa wanabeba chakula cha jeshi kwa baiskeli.

Baiskeli, Anouar. Siku ile kulikuwa na baiskeli moja tu pale. Ilikuwa ya Sébastien, na juu yake gunia letu, langu na la Béatrice.

Nilitapika. Fanta yao na uji wangu wa asubuhi, vyote juu ya zulia lao. Watu wakapiga makofi, walidhani ni uchungu wa mama wa shujaa. Ilikuwa kinyaa tu.

Nilipogeuka, Béatrice alikuwa ameshaondoka kwa miguu.

Sasa nisikilize. Foto waliyomchorea naijua. Idi alipigwa foto na mupiga foto wa mutaani, wakati wa mavuno, amesimama juu ya shitingi, reki ya mbao ya kugeuzia mupunga iko begani. Mupiga foto alikata juu, meno ya reki hayakutokea, umebaki muti. Zilitoka mbili tu. Moja iko sandukuni kwangu, nimeifungua sasa hivi kuiangalia, iko. Ya pili nilikutumia wewe Kigoma.

Yako iko wapi?

Na kaburi usiniulize. Alipo panajulikana na Mungu, na mi, na waliochimba. Hakuna gari la komite litakalopaki pale.

Mama yako,
Mwantum


Cibitoke
24 Aprili 2005

Mwanangu Anouar,

Assalamu alaykum. Népomuscène amepita mara mbili bila barua yako. Nilimuuliza, "Umegombana naye?" Akasema, "Mama, alinisalimia vizuri, akasema ana kazi nyingi." Baiskeli za Kigoma zimeharibika zote mara moja?

Mutoto Assia ameanza kucheka. Mvua imekuwa nyingi, Buterere maji yameingia nyumbani kwa watu, wanalala juu ya meza.

Nilikwenda kwa aliyechora. Ni Claude, ana karakana hapa Cibitoke nyuma ya wachomelea vyuma, anachora chupa kwenye kuta za mabaa na vichwa kwenye saluni. Nikamkuta anapaka rangi nywele za mwanamuke.

Nikasema, "We Claude, uliyemchora mutoto wangu ni we?"

"Ni mi, mama. Amefanana, ee?"

"Amefanana. Alichokishika ndicho nakuulizia. Ile ni reki."

Akacheka kwanza, halafu akaona sicheki. "Mama, mi nililetewa foto. Niliona muti begani. Nikawauliza, huu ni muti wa nini? Wakaniambia, shujaa hashiki muti mutupu, malizia."

"Ukamalizia."

"Mama, mi hata mutu akiniletea foto ya kinyozi na mukasi umekatika, namalizia mukasi. Ndiyo kazi."

"Na kama ungeletewa foto ya mama yako ameshika ufagio?"

Akainamisha kichwa akachovya burashi. Akasema pole, na nadhani alikuwa na pole kweli, lakini burashi haikusimama. Foto yenyewe aliirudisha komite. Nikamuuliza kama ilikuwa na alama nyuma. Akasema, "Ilikuwa na maandishi ya mukono, mama. 'Kwa kaka Anouar, usitusahau.'"

Ni mwandiko wa Idi. Nilikuwa pembeni alipoyaandika, alilamba kalamu kwanza.

Sitakutukana kwenye karatasi. Mi ni mama yako, karatasi inasomwa na malaika pia. Lakini nikuambie yanayotokea hapa.

Béatrice hatwangi tena na mi. Jana nilimkuta bombani. Nikamuamkia. Akaweka ndoo chini, akasema, "Mama Anouar, siku ile mi sikuwa pale. Nilikuwa hospitali na Chanelle na malaria yake. We ndiye ulinijia ukaniambia walikufa pamoja, mupunga mumoja, shitingi moja. Nikakuamini, nimekula na wewe miaka yote hii. Sasa kile kibao cha chuma kinasema mutoto wako alikuwa na bunduki, na bwana yangu ni adui aliyemalizwa. Na we ulikaa mbele, kwenye kiti, unakunywa."

Nikamuambia, "Nilitapika, Béatrice!"

"Watu wanatapika kwa mengi. Niambie, niamini mutu ao niamini chuma?"

"Amini mutu."

"Mutu gani? We ni mama yake. Mama anasema nini mwingine? Nani mwingine alikuwa pale?"

Anouar, nilisukuma ndoo yangu chini ya bomba. Maji yakajaa ndoo yakamwagika juu ya miguu yetu wote wawili. Akabeba yake akaenda.

Nijibu. Kile kitambaa, sokoni gani kiliibiwa?

Mama yako,
Mwantum


Kigoma
15 Mei 2005

Mama mpendwa,

Waalaykumu ssalaam. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na homa, sasa nimepona. Nimemtumia Sumaya doti ya kanga kwa ajili ya mtoto, na wewe dagaa wakavu. Waanike tena kidogo kabla ya kuweka. Mama Mdogo amepata baraza mpya ya kuuzia, anajidai sana.

Mama, nimesoma barua zako zote. Picha inaweza kupita mikono mingi. Nililala nyumba nyingi na mizigo yangu ilifunguliwa na wengi. Lakini hata kama mchoraji alikosea kitu kidogo, Idi ameheshimiwa. Wapita njia wanajua jina lake. Ni wangapi walikufa vita hii wakatupwa bila hata jina? Ungependa aandikwe kwamba alikufa akigeuza mpunga? Nani angesimamisha gari kusoma hilo?

Kuhusu Mama Chanelle, muda utamtuliza. Sébastien hakutajwa kwa jina.

Nakuomba kitu kimoja kwa heshima yote: usirudi tena ofisini kwa Térence na kumwambia maneno yale mbele ya wageni wake. Mtu huyo ndiye ananisaidia nirudi. Nafasi yangu ya komini inasimama juu ya kibao hicho, mimi ni kaka wa shujaa. Kikitolewa, mimi ni muuza vipuri tu.

Mwanao,
Anouar


Cibitoke
12 Juni 2005

Mwanangu Anouar,

Assalamu alaykum. Dagaa wamefika, nimewaanika, paka wa jirani amewahesabu. Kanga ni nzuri. Mutoto ana jino.

Mi sikukuandikia kwamba nilikwenda kwa Térence.

Nilikwenda, ni kweli. Nilimuambia mbele ya wageni kwamba ameweka mutoto wangu barabarani kama ng'ombe wa kuuzwa. Lakini sikukuandikia. Kumbe kati ya Térence na we kuna barua zinazotembea upesi kuliko zangu, na hazinuki dagaa.

Ulitaka kujua nani angesimamisha gari kusoma. Nikueleze wanaosimama. Uchaguzi wa komini umepita, Térence amepita nao, na tangu hapo hakuna aliyekuja kupangusa kile chuma hata vumbi. Pembeni yake mutu amefungua baa ya mabati, ameiita Kwa Shujaa. Mbuzi wanachinjiwa chini ya kibao, na kwa kuwa nguzo ina vyuma vilivyotokeza, nyama zinatundikwa palepale. Jana mapafu ya mbuzi yalikuwa yananing'inia sawasawa na kidevu cha Idi, na nzi wanatembea kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye macho yake na kurudi. Nyuma ya kibao ndipo walevi wanapokojoa. Rangi imeanza kuvimba. Nilimuona mumoja ameegemea mukono juu ya chuma, anajikojolea viatu, anaimba. Nikamuambia, "We baba, huyu ni mutoto wa mutu!" Akanigeukia akasema, "Mama, tulia, ni shujaa huyu, hana shida na mukojo."

Hiyo ndiyo heshima. Nilitembea mpaka nyumbani na harufu ile puani, nikasugua miguu, nikasugua viatu, bado ninayo. Nikila mchele wenyewe ninaisikia.

Unaniuliza kama ningependa aandikwe kwamba alikufa akigeuza mupunga. Ndiyo. Ndivyo hasa. Mupunga usipogeuzwa unaungua juu na unaoza chini, na Idi alikuwa hodari, alikuwa anaugeuza kwa mustari kama mutu anayechana nywele za mutoto. Alipoanza mulio wa kwanza wanawake wote walikimbia. Yeye na Sébastien walibaki kukunja shitingi, kwa sababu ule mupunga ulikuwa chakula chetu chote. Wale wa msituni, hao ambao komite leo inawaita mashujaa, walitokea upande wa mashamba, askari walikuwa upande wa barabara, na hawa wawili katikati wameshika pembe za shitingi, huyu pembe hii na huyu pembe ile. Hiyo ndiyo komite inaiita vita. Vita ni watu wawili wanaojua kwamba wanapigana. Sébastien alikuwa anapigana na gunia.

Nimemueleza Béatrice hivyo tena. Akasema, "Ulikimbia na we. Nani alikuambia walikufa wameshika pembe?" Niliwakuta hivyo, nikamuambia. Akasema, "Ni we unasema."

Anataka kuhama, arudi kwao Bubanza. Chanelle analia, ana shule. Chungu chetu kikubwa, tulichonunua pamoja, amekileta mulangoni kwangu, amekiosha vizuri mpaka nje, akakiweka bila kupiga hodi. Mutu asiposhiriki chungu na mwenzake, amekwisha.

Béatrice anahitaji mutu mwingine aliyeona. Mumoja tu.

Mama yako,
Mwantum


Kigoma
3 Julai 2005

Mama,

Waalaykumu ssalaam. Wote wazima.

Naomba tuache jambo hili. Vita ile wewe uliiona kutoka kwenye mupunga, hukuiona yote. Kuna mambo yakifukuliwa hayanuki kidogo. Mwaka ule wote nilikuwa Kigoma, muulize Mama Mdogo. Mtu mwingine aliyeona mimi simjui, nitamtoa wapi?

Kama Mama Chanelle anataka kuhama, mwache ahame. Watu wengi wamehama.

Nitakuja mwezi wa tisa baada ya serikali kuapishwa. Tutaongea.

Anouar


Cibitoke
7 Agosti 2005

Mwanangu Anouar,

Assalamu alaykum. Mutoto Assia anakaa mwenyewe, akianguka anakasirikia sakafu. Sumaya amerudi kazini. Mchele umepanda bei. Béatrice ameshafunga mizigo, anangoja tu Chanelle apate karatasi zake za shule.

Nimemaliza habari za nyumbani. Sasa nitaandika nisichopenda kuandika, na ukimaliza kusoma uchome ao uhifadhi, ni juu yako.

Mama yako mudogo Mwanvua sina haja ya kumuuliza. Mwaka ule aliniletea salamu mwenyewe kwamba hujaonekana Kigoma tangu masika, nimuombee dua mutoto wangu. Nilimuombea. Sikukuambia kamwe.

Siku ile, milio iliponyamaza, mi nilikuwa wa kwanza kurudi. Nilijificha kwenye mutaro, maji mpaka hapa, na nilipotoka hapakuwa na mutu barabarani, wa msituni wameshaondoka, askari hawajarudi. Mupunga umesambaa kila mahali, unang'aa. Walikuwa wameshika pembe, kama nilivyokuambia. Sébastien alikuwa macho wazi anaangalia jua. Nilivua kitenge changu nikamfunika.

Idi sikumfunika. Idi alikuwa ameshafunikwa.

Mutu alikuwa amemfumba macho, na amemfunga taya ili mudomo usibaki wazi, kama tunavyowafanyia watu wetu, na amemgeuza uso kuelekea kibla. Na juu ya uso wake alikuwa ameweka kitambaa cha kijani. Nilikiinua kutazama ni nani. Pembeni kilikuwa kimeshonwa na uzi mwekundu.

Nilikaa chini juu ya mupunga. Nilikuwa na mutoto mumoja mukononi, na mwingine nimemkosa kwa muda wa kufumba macho. Sikujua nilie upande gani. Halafu nikakikunja kile kitambaa, nikakiweka ndani ya nguo, ndipo nikaita watu. Hakuna aliyekiona. Hata Sumaya hajui. Nilikifua kwa maji ya baridi, damu haitoki kwa maji ya moto. Kiko sandukuni, chini ya foto.

Sikuulizi risasi ilitoka upande gani. Sikuulizi kama ulijua ni sisi tuko pale. Hayo utaulizwa na Mwingine, na Yeye hapokei barua. Mi miaka yote hii nimekushukuru kila sala kwamba ulisimama, mahali ambapo wenzako wote wa msituni walikuwa wanakimbia, ukamfunga mudogo wako taya. Nilisema moyoni, mutoto aliyefanya hivyo hajapotea. Nilingoja uniambie mwenyewe. Ningengoja mpaka kufa, na nisingekuhukumu.

Lakini ukachukua foto ya mutoto yuleyule uliyemfunika, ukawapa watu wamfunue barabarani, wamtie bunduki, nzi wamtembelee. Na Sébastien, aliyekuwa ameshika pembe ya pili, ukamuacha aitwe adui ili upate meza komini. Hapo, Anouar, ndipo ninapotapika. Kile cha kwanza kilikuwa vita. Hiki umekifanya umekaa, umekunywa chai.

Nafasi yako sitaitetea. Na mi kumuambia Béatrice habari ya kitambaa naweza leo hii, ni mulango wa pili tu. Sitafanya. Nikimuambia mi, utakuwa mutu aliyesemwa. Nataka uwe mutu aliyesema.

Kaburi la Idi uliniuliza. Nitakupeleka. Lakini njia ya kwenda inapita Buterere, na utashuka hapo kwanza.

Kifua chako ukifunike. Usiku wa Agosti una vumbi.

Mama yako, bado,
Mwantum


Kigoma
4 Septemba 2005

Mama,

Népomuscène atakupa hii na mfuko. Ndani kuna foto, ile yenye mwandiko wa Idi. Nilimuomba Térence anirudishie, nikamuandikia pia kwamba meza ya komini ampe mwingine. Amenijibu matusi, si kitu.

Nitafika Ijumaa ya tarehe 16. Nyumbani sitakuja kwanza. Baada ya swala nitakuwa kwenye kibao cha tatu. Muambie Mama Chanelle asihame kabla ya siku hiyo, aje, na wale wanawake wa mupunga waje wote, wasimame karibu wanisikie. Claude naye aje na rangi nyeupe, nitamlipa.

Reki ya Idi, kama bado iko, uje nayo. Kitambaa kiache sandukuni.

Usipike, Mama. Sijui kama nikimaliza kusema kutakuwa na mutu wa kula na mi.

Mutoto wako,
Anouar